Kikombe cha Kwanza cha Loisi

Watu wa Gulwe wakikuambia Mwalimu Anyesi alikuwa mkali, usibishe. Alikuwa mkali kweli, na sababu alikuwa nazo. Chekechea ya kijiji aliianzisha yeye enzi za ujamaa, ndani ya ghala bovu. Zilipoingia enzi za ruksa, akaambiwa hakuna tena wa kumlipa, kila mtu ajitegemee. Akasonya, akaendelea. Kina mama walileta uwele na ndoo za maji kwa zamu, naye akapika uji. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtoto asiyeweza kudai anywe kwanza.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Loisi, mtoto wa Hilda. Alikuwa na miaka mitano, hasemi, na ukimwachia anakwenda tu mbele, liwe shimo, uwe moto. Hilda aliuza karanga na mayai ya kuchemsha stesheni. Mtoto wa namna ile utampelekaje relini? Kabla ya kumleta chekechea, Hilda alikuwa akimfunga kwa kitenge kwenye nguzo ya nyumba, kisha anakimbilia treni huku analia. Anyesi aliyaona hayo kwa macho yake.

Ndipo ukaja mradi. Aliyeuleta ni Batholomeo, kijana msomi kutoka Dodoma mjini, na gari limejaa unga wa lishe. Alimwamkia Anyesi shikamoo kwa adabu zote, akakusanya kina mama, akawaeleza kwamba mtoto ni mtaji. Ukiwekeza kwake angali mdogo, alisema, faida inarudi maradufu akishakuwa mfanyakazi. Kina mama wakapiga makofi. Hata Anyesi alipiga, maana siku nyingi hakuna mkubwa aliyewakumbuka watoto wale.

Kumbe ngoma ilikuwa bado. Batholomeo akamwaga vibao chini, akawataka watoto wavipange, ili awapime akili. Loisi akatia kibao mdomoni. Baadaye kijana akasema, kwa upole kabisa, kwamba unga ni mchache, kwa hiyo utaanza na wale wanaoonyesha dalili nzuri. Wengine wataangaliwa baadaye. Baadaye! Mtu mzima na akili zake anamwambia mtoto mwenye njaa baadaye!

"Mwanangu," Anyesi aliuliza, "huyu Loisi akikua atarudisha nini?"

"Kwa hesabu zetu, mwalimu, pengine hatarudisha kitu."

Anyesi akamtazama Hilda, akitegemea atapiga kelele. Hilda hakubisha. Alifungua kitenge kiunoni, akaanza kukisokota polepole, kama mtu anayekumbuka kazi yake ya zamani. Hapo ndipo hasira zilipompanda mwalimu. Angeweza kumsamehe kijana ujinga wake, lakini kitenge kile hajakisamehe mpaka leo.

Uji wa mradi ulikuwa tayari jikoni. Akachota kikombe cha kwanza, akampa Loisi, mbele ya macho ya Batholomeo. Kijana akamwonya kwamba akivunja utaratibu, unga utarudi mjini.

"Nenda nao," Anyesi alisema. "Unga ni wako. Maji ni yetu, na watoto ni wetu, wote."

Ukarudi kweli. Uji wa uwele ulikuwa mwepesi mwaka ule, mvua ilikuwa haba, na wapo kina mama waliomnunia wakisema amewanyima watoto wao riziki kwa ajili ya mmoja asiyejitambua. Aliumia sana. Lakini kikombe cha kwanza kilibaki cha Loisi.

Miaka ikapita. Batholomeo alirudi na mvi, ametumwa kuuliza watoto wa vijiji vile wamefikia wapi: nani kasoma, nani anafanya kazi. Anyesi, sasa bibi kizee, akamtajia wachache. Mlangoni, kwenye mkeka, alikaa mwanamke mzima, anatabasamu peke yake.

"Na huyo?"

"Huyo ni Loisi. Hajarudisha kitu," Anyesi akamjibu. "Na hakufungwa tena kwenye nguzo."