Jina la Nakijwa Kwenye Televisheni

Gadiel alikuwa mbeba magunia. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu watu wa Durban walipomwona kwenye televisheni walidhani ni mtu wa gari na nyumba ya ghorofa. Gari gani! Mbeba magunia, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na magoti yanalia akipanda ngazi. Kazi yake ilikuwa kwenye maghala ya Clairwood, malori yanakoingia na kutoka kutwa, na akirudi jioni alikuwa hana hamu hata ya kuvua viatu.

Ghala moja bovu watu wa televisheni wakalikodi. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa majasusi wa vita ile kubwa ya Hitla. Meli zinaondoka bandarini zimejaa askari, Wajerumani wanazizamisha, na hajulikani nani anawapelekea habari. Basi wakamtaka mpishi wa melini, mtu wa Kiswahili, ambaye ndiye anawauza wenzake. Wakatafuta, wakatafuta, wakamwona Gadiel anapita na gunia la mchele, jasho linamwingia machoni, uso wake kama wa mtu anayeficha jambo zito. Wala hakuwa anaficha kitu, ni kuchoka tu. Lakini wao waliuona uso wa siri, wakaupenda, wakamwita.

Akakubali. Nani angekataa kukaa kwenye kiti na kupakwa poda badala ya kubeba? Ila hakuachishwa kubeba. Asubuhi gunia, mchana aproni ya mpishi.

Wenzake mchezoni walikuwa wema. Alikuwepo Mzungu mmoja mrefu aliyekuwa mkuu wa majasusi, wote wakimwita Kapteni hata wakati wa kula. Alikuwepo Aaminah, binti wa Chatsworth, ambaye ukoo wake uliletwa Durban zamani sana kutoka pwani ya kwetu. Yeye alikuwa jasusi wa kubeba ujumbe ndani ya kapu la samaki. Kiswahili chake nusu alikipata kwa bibi yake, nusu alifundishwa na Gadiel palepale ghalani, wamekaa juu ya makreti wakisubiri taa ziwekwe sawa. Alimwita baba, na Gadiel akaitikia.

Sasa siku ya kiapo. Kapteni anamkaba mpishi ukutani, anamwambia apa kwamba hukuwauza. Kwenye karatasi ya Gadiel mahali hapo palikuwa patupu. Mwongozaji akamwambia kwa Kiingereza cha polepole, wewe apa kama mnavyoapa kwenu, kwa lugha yenu, tuamini. Walikuwa wameirudia mara nyingi, na Gadiel alikuwa amebeba tangu kukicha. Kichwa kilikuwa kimelala, mdomo ukatoa kilichokuwa karibu.

"Haki ya mama yangu Nakijwa, sikuwauza!"

Wakapiga makofi. Kapteni mwenyewe akamshika bega, lile bovu. Na yule mpishi alikuwa amewauza, kila mtazamaji anajua, kamwona akipokea bahasha.

Sasa Nakijwa ni mama yake kweli, aliyemzaa, huko Usangi, Upareni. Na nyumbani kwa Nakijwa watoto hawakulelewa hivyo. Haki ya Mungu waliapa hata wakigombea kiazi, wakapigwa kidogo, yakaisha. Jina la mama, lile lenyewe, hulitoi mpaka pawe na kesi nzito na wewe unasema kweli. Tena siku mama akizikwa, mwanawe wa kiume ndiye husimama alitaje, watu walipokee, ndipo udongo uingie. Mdomo ulioliapia uongo haupewi kazi hiyo. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walikua nalo, kama walivyokua na baridi ya kule juu.

Mchezo ukaanza kuonyeshwa kila Jumanne. Na kila Jumanne, kabla ya mapya, walirudisha vipande vya yaliyopita ili watu wakumbuke, na kipande walichokipenda kuliko vyote ni kile. Kila wiki Gadiel anakabwa, kila wiki anamwapia mama yake uongo, mji mzima unatazama. Vijana wa Kitanzania wakakishika kiapo kile. Ukichelewa, "Haki ya mama yangu Nakijwa, foleni!" Ukificha sigara, "Haki ya mama yangu Nakijwa, imeisha!" Kwenye roboti, zile taa za barabarani, sokoni, kwenye stendi ya teksi Isipingo, jina la bibi kizee ambaye hajawahi kuvuka Same likawa la kuchekea.

Na Isipingo ndiko alikokaa Doris.

Doris alikuwa dada yake mkubwa, anauza vitunguu na dagaa karibu na stendi. Wamezaliwa wawili tu. Doris ndiye aliyembeba Gadiel mgongoni, ndiye aliyemwita Durban. Mwanamke mkavu, akisema hapana ni hapana mpaka kesho kutwa. Jumanne ile ya kwanza alikuwa amealika majirani wamwone ndugu yake. Aliposikia jina, aliinuka, akazima televisheni, akawaambia wageni waende kwao. Gadiel alipokuja Jumapili, akaongea naye nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo.

"Dada, ni mchezo tu."

"Basi nenda ukacheze."

Hakufungua. Jumapili iliyofuata vilevile. Gadiel akaacha kwenda. Akawa anabeba, anapakwa poda, anabeba.

Simu za kutoka nyumbani walipigiwa kwenye duka la Ladislas, Mkongomani, katikati ya mji. Siku moja Gadiel anapita tu, Ladislas akatoka nje kabisa.

"Mzee Gadi, iko habari ya kwenu. Ingia. Ikala kwanza, papa."

Akajua. Mtu akikuambia ukae, utauliza nini tena? Nakijwa alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake alasiri. Nauli ya ndege wala njia ya kuwahi haikuwepo. Watu wa ugenini hufanya wanavyoweza: saa ile wanayozika kule, nao hukusanyika huku, wakalia, wakala.

Gadiel akapanda teksi kwenda Isipingo na nguo za kazini. Aliposhuka stendi, kijana mmoja asiyejua lolote akamwona, akafurahi, akapaza sauti: "Mpishi! Haki ya mama yangu Nakijwa!" Wenzake wakacheka. Gadiel hakugeuka. Hakuwa na hasira, hiyo nayo inataka nguvu. Aliwaza neno moja tu: kesho nani atamtaja?

Safari hii Doris alifungua. Alikuwa amejifunga kanga kichwani, macho mekundu.

"Ingia. Utalia, utakula, na kuni ziko nyuma zinataka kupasuliwa. Kumtaja, hutamtaja."

"Dada, mimi ndiye mwanamume. Hakuna mwingine."

"Nitamtaja mimi."

"Wanawake hawataji."

"Na wanaume hawamwapii mama uongo. Tumevunja yote mawili." Akamtazama bega. "Shoka liko mlangoni."

Kesho yake uani pakajaa. Watanzania, Wakongomani, majirani Wazulu wawili watatu, sufuria kubwa ziko motoni. Gadiel alikuwa huko nyuma anapasua kuni. Hakuna aliyejua akae naye vipi, wengine walimpa mkono haraka haraka wakapita. Ndipo geti likafunguliwa, akaingia Aaminah na sufuria ya pilau kichwani, mtandio mweusi.

Marcelline, jirani Mkongomani mwenye sauti kubwa, akaangusha kijiko.

"Yesu wangu! Huyu si alikufaka Jumanne? Walimupiga risasi, nilimulilia!"

Matangani watu wakacheka, wakaziba midomo. Na Aaminah, maskini, akaona amepata njia. Alikuwa amesikia habari ya mlango na komeo, alikuja na pilau lakini alikuja pia kumtetea Gadiel. Akamwendea Doris, akapiga magoti kwa heshima.

"Pole, mama. Mimi nafanya kazi na baba Gadiel. Unaona, hata mimi waliniua, na niko hapa. Ni mchezo, mama."

Doris akamtazama toka juu mpaka chini. "Pole tumepokea. Ile bunduki ilikuwa ya nini?"

"Ya mbao."

"Na damu?"

"Rangi tu, mama."

"Na lile jina ulilokufa nalo?"

"La kutunga."

"Na Nakijwa?"

Kule nyuma shoka likanyamaza. Gadiel alikuwa amesikia, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna muda wote bila kulipatia maneno. Katika mchezo mzima, na meli zake na vita yake, kitu kimoja tu hakikuwa cha kuigiza, nacho alikitoa yeye.

"Inuka, mwanangu," Doris akasema. "Pilau yako ni nzuri, inanukia."

Saa ikafika. Kule Usangi jeneza linashuka. Doris akasimama katikati ya uwanja, miguu imemvimba ndani ya kandambili.

"Nakijwa," akasema.

"Nakijwa," watu wakapokea.

Akangoja. Walidhani ni kilio kimemkaba. Hapana. Alikuwa anaangalia kule kwenye kuni.

"Sijasikia wote."

Watu wakageuka. Gadiel alikuwa amesimama na shoka mkononi. Alitaka kusema kwamba si ameambiwa asitaje? Lakini kutaja si kupokea. Kutaja ni kwa mtoto wa kiume, kupokea ni kwa yeyote aliyekuja, hata mpita njia. Ndiyo nafasi aliyokuwa amebakishiwa, ya mwisho, nyuma ya wageni. Angeweza kuikataa. Aliweka shoka chini.

"Nakijwa."

Ilikuwa sauti ileile, mji mzima uliijua. Marcelline akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Binti Mashauri," Doris akaendelea.

"Binti Mashauri," wakapokea wote, na Gadiel naye, mpaka majina yakaisha.

Watu walipoanza kuondoka, Gadiel alikuwa anasugua masufuria kwa majivu. Aaminah akaja kuchukua la kwake.

"Jumatatu wananitaka tena?" Gadiel akamuuliza.

"Ndiyo, baba. Kuna kesi, kabla hawajakunyonga. Unaapa tena, mbele ya hakimu. Wanasema uape vilevile."

"Yule mpishi, mama yake anaitwa nani?"

"Hawakuandika."

"Waambie wamwandike. Wamtafutie jina. Na kile kipande cha kila Jumanne, wakikate."

"Wakikataa?"

"Basi wanyonge mtu mwingine. Mimi nina magunia."

Doris alikuwa dirishani, alisikia yote. Baadaye akatoka na kikombe cha chai. Hakumpa mkononi. Alikiweka juu ya gogo, karibu na shoka, akarudi ndani, na mlango akauacha wazi. Gadiel akakaa chini na kuinywa. Ilikuwa imepoa na sukari haikutosha, lakini akaimaliza.