Gari la Papa Halikwenda Karibu

Wenzangu mliokulia mtaani Nyalukemba wakati mmoja nami, nadhani hata leo mkifumba macho mnaisikia Jumamosi yetu. Wamama wa sambaza, vile visamaki vidogo, wanapanda kutoka ziwani na mabeseni kichwani, wakiita kila mlango. Wasichana tunacheza nzango uani, miguu inapiga vumbi hadi soksi nyeupe zinageuka rangi ya matofali. Wavulana wanateleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, suruali zinapasuka mahali pale pale kila wiki, na kila wiki wanachapwa kwa ajili hiyo. Harufu ya maharagwe yaliyoanza kuchemka tangu alfajiri imejaa kila ua. Hatukuwa na simu ya kutuonyesha wenzetu wanacheza, tulicheza wenyewe.

Ndani ya Jumamosi hiyo kulikuwa na sauti moja ya nyumbani kwetu peke yake: Papa akijaza upepo katika magurudumu ya gari kwa pampu ya mguu. Papa alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mwembamba mwenye miwani, na alikuwa amenunua gari dogo la esansi, yaani petroli, jeupe, la milango miwili, ambalo lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wengi. Lilikuwa dogo mno hata jirani wakaliita Sambaza. Tangi lake lilikuwa mbele, injini nyuma, na mshale wa kuonyesha esansi ulikuwa umekufa zamani. Kwa hiyo Papa alichonga kijiti cha mwanzi, akakitia alama kwa kisu, na kila Jumamosi alikichovya ndani ya tangi, akakitoa, akakitazama kama daktari anavyotazama kipimajoto.

Na gari hilo halikwenda karibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Sokoni Nyawera tulikwenda kwa miguu. Shuleni kwa miguu, Papa mwenyewe akiwa mbele yetu na kartabli yake ya vitabu. Misa kwa miguu. Sambaza ilitoka siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo shughuli zote zilifungwa pamoja kama kuni: makaa, unga, shangazi aliyejifungua, na mwisho safari ya Mudaka kumsalimu Koko, mama yake Maman, aliyelima maharagwe na ndizi huko.

Mimi na kaka yangu Dido tuliona aibu kubwa. Kuwa na gari, halafu kupitwa na magari ya wengine huku umebeba kikapu! Siku moja Dido alijikaza akauliza, na Papa, badala ya kukasirika, alifurahi. Alijaza tangi, akaandika namba ya kilometa kwa chaki mlangoni, na kwa siku kadhaa akatuendesha safari za karibu tu: shule, Nyawera, parokia, nyumbani. Tulijiona watoto wa waziri. Kilometa zilipofikia sawa na kwenda Mudaka na kurudi, alichovya kijiti. Kisha akajaza tena, tukaenda Mudaka moja kwa moja na kurudi, akachovya tena. Safari za karibu zilikuwa zimekula alama tatu na nusu. Mudaka ilikula mbili.

"Kilometa ni zile zile," Dido akasema, akidhani kijiti kimedanganya.

"Kilometa ndiyo, lakini moteur haiko ile ile," Papa akajibu. "Asubuhi moteur iko baridi. Unavuta starter, inakunywa esansi mingi juu iwake. Inaanza kupata moto kidogo tu, tayari umefika Nyawera, unaizima. Kesho tena baridi, tena starter. Lakini ku barabara ya Mudaka inapata moto mara moja tu, kiisha inatembea mupole. Munaelewa, batoto?"

Tulielewa. Hatukupenda, lakini tulielewa. Tangu hapo nikajua mambo ambayo wasichana wengine wa darasa letu hawakuyajua: kwamba gurudumu lisilo na upepo linaiba esansi, kwamba mzigo usio na kazi unaiba pia, kwamba kukanyaga ghafla na kufunga frein, yaani breki, ghafla ni kumwaga esansi barabarani. Leo vijana wanaungurumisha gari lililosimama ili msichana ageuze shingo. Papa angewaona, angelia.

Maman hakuyapenda masomo hayo. Yeye aliimba katika kwaya ya parokia, na mwaka mmoja, siku ya sikukuu ya parokia, walikuwa wameshona vikwembe, vitenge vya aina moja, bluu yenye maua meupe. Asubuhi hiyo mvua ilianza wakati wa kutoka. Maman akasimama mlangoni, amejifunga, amejipamba, akamtazama Papa.

"Papa Dido, leo utanipeleka."

"Mpaka parokia? Maman, moteur haitapata hata moto. Ngoja mvua ipungue kidogo."

"Mvua haingoje, na kwaya haingoje."

Hakungoja. Alitoka. Njia yetu, mnaijua, mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Aliteleza karibu na bomba la maji, akaanguka kwa magoti, na alipofika kanisani wenzake walikuwa wameshaanza wimbo wa kuingia. Alikaa nyuma kabisa, matope hadi kiunoni, hakuimba. Mimi nilikuwa pembeni yake. Nilimwona akifuta kikwembe kwa kiganja, akifuta tena mahali pale pale, na machozi yake yalidondoka juu ya matope.

Tangu siku hiyo akanyamaza. Yaani alisema na sisi, na jirani, na kuku. Lakini Papa alipata ujumbe kupitia kwetu. "Dido, ambia papa yako chakula iko tayari." Na Papa, aliyekaa hatua mbili kutoka pale, anajibu: "Dido, ambia maman yako aksanti." Dido anabaki anageuza kichwa kama mtu anayetazama mpira.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tena. Papa alitoka na mwavuli mweusi, akaufungua juu ya kichwa cha Maman, akatembea pembeni yake hadi parokia, yeye mwenyewe nje ya mwavuli, koti linachuruzika. Jirani walicheka hadi wakashika mbavu: mwalimu ana gari, analowa! Ila nilimwona Maman akipunguza mwendo ili asimwache.

Baada ya hapo ndipo esansi ilipopotea mjini. Mvua zilikuwa zimebomoa barabara, malori hayakufika, na kwenye stesheni kulibaki walinzi tu. Hata wale makadhafi, wauzaji wa esansi wa kando ya njia, waligeuza chupa zao chini juu. Magari makubwa ya kitongoji yalilala uani, watoto wakayafanya nyumba za kuchezea. Sambaza nayo ilisimama, lakini ndani ya tangi lake kulikuwa na kitu kidogo, kwa sababu haikuwa imetoka ovyo.

Asubuhi moja akaja mtu kwa baiskeli kutoka Mudaka, jirani wa Koko, amelowa jasho. Hakukubali hata maji kwanza.

"Maman, muzee mwanamuke anahema mubaya sana. Kifua. Tangu juzi hakuli. Kule centre ya afya banasema apelekwe mujini, na motokari hakuna."

Maman alishika nguzo ya mlango. Hakumtazama Papa. Nadhani aliogopa atakachokiona usoni mwake.

Papa alifungua mbele ya gari, akachovya kijiti, akakitoa. Sote tulisogea. Alama moja na kitu kidogo juu yake.

"Kwenda tutafika," akasema polepole. "Kurudi, sijui. Maman, panda."

Kisha akaanza kutupa vitu nje ya gari: kreki ya kuinulia gari, sanduku la vifaa, matofali mawili ya kuzuia magurudumu, hata zulia la chini. Dido alishafungua mlango, lakini Papa akamshika bega. "Wewe uko muzito. Mapendo ndiye atakuja, amushike koko yake kichwa." Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa, kwa sababu ya wembamba wangu, mimi niliyetaniwa shule nzima kwa miguu ya korongo.

Sijawahi tena kuona mtu akiendesha vile. Aliusukuma ule mkono wa starter ndani mara injini ilipokubali kuwaka, akaondoka bila kungoja. Mjini watu walitupungia mikono, kwani gari linalotembea lilikuwa ajabu siku zile. Mwalimu mwenzake alisimama njiani na mizigo, akatabasamu akidhani tutasimama. Papa alimpita. Niligeuka nikaona tabasamu lile likikauka, na Papa akasema peke yake, "Atanisamehe." Barabara ya Mudaka aliichukua kwa mwendo mmoja, hapana haraka, hapana pole, akikwepa mashimo toka mbali ili asifunge frein. Maman alikuwa anasali rozari bila sauti. Mimi nilikuwa nasikiliza injini.

Koko alikuwa amelala juu ya mkeka, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Papa alimbeba mwenyewe. Pale mlangoni Koko akafumbua macho, akanong'ona kwa Mashi, lugha ya kwao, kwamba haendi kwa mtoto wake mikono mitupu, kuna ndizi, kuna viazi. Papa alimheshimu mno mama mkwe wake. Sikuwahi kumsikia akimkatalia kitu. Nilimwona akipima mkungu ule kwa macho, jasho linamtoka.

"Maman, tutachukua kuku tu," akamwambia Koko kwa sauti ya mtoto anayeomba. "Kuku mumoja. Ndizi tutarudilia."

Kuku akaingia.

Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia mjini, Maman alisema neno lake la kwanza kwa Papa moja kwa moja tangu siku ya sikukuu. "Zima moteur. Iteremuke yenyewe."

"Hapana."

"Esansi itaisha!"

"Iishe. Nikizima hapa, frein inakuwa nzito, na kona ziko mingi. Niko na batu ndani." Akaacha kukanyaga, gari likashuka kwa gia, taratibu, injini ikinguruma chini kwa chini.

Esansi iliisha kwenye mpando wa mwisho, hospitali tukiiona. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Papa alishuka, akaweka bega kwenye nguzo ya mlango, akasukuma mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Maman akashuka, akavua viatu, akasukuma nyuma. Watu wa njiani waliona. Mwendesha pikipiki aliyekuwa amekaa tu juu ya pikipiki yake kavu, wamama wawili wenye vikapu, fundi wa viatu na nyundo yake bado mkononi, wote wakaja. "Moya! Mbili! Tusukume!" Nilikuwa ndani, kichwa cha Koko mapajani mwangu, kuku miguuni, naona kioo cha nyuma kimejaa nyuso za watu nisiowajua. Wakatupandisha hadi getini. Muuguzi hakuuliza swali lolote. Alimtazama Koko mara moja, akaita machela.

Koko alilala hospitalini siku nyingi, kisha akatoka kwa miguu yake. Aliishi hadi mimi nikamaliza sekondari. Kuku alitaga.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile. Maman alileta bugali, akaweka mbele ya Papa, na hakumtuma Dido kusema kitu. Papa alinawa, kisha mikono ikabaki hewani, maji yanadondoka.

"Esansi nilijua kuichunga," akasema. "Wewe, ile siku ya mvua, sikukuchunga. Unisamehe."

Maman alikaa. Alimega bugali kutoka sahani yake, akaweka kwenye ya Papa. "Kula," akasema, "ingali moto."

Tangu hapo sheria ilibaki, ila ilipata mlango mmoja: siku za kwaya, mvua ikinyesha, Sambaza ilitoka. Papa alivuta starter huku akikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino, na Maman alikaa mbele kwa heshima zote, anapungia mkono majirani.

Wote wawili hawapo tena. Leo nami nina gari dogo la esansi, na halihitaji kijiti. Namba inawaka mbele yangu ikiniambia lita ngapi zinakwenda. Kila asubuhi nampeleka binti yangu Ketsia shuleni, umbali ambao sisi tulikuwa tunaumaliza kabla muhindi wa kuchoma haujaisha mkononi. Tunakwama Place, pale katikati ya mji, pamoja na wenzetu wote waliotoka karibu kwenda karibu, injini baridi zinakunywa, honi zinalia. Ketsia yuko nyuma na masikio yake yamezibwa na nyuzi za muziki. Ninajua hesabu ya gari. Sijui yeye anawaza nini.

Mwezi uliopita gari lililala kwa fundi, tukaenda kwa miguu. Dakika za kwanza alinuna. Viatu vyake, alisema, si vya kutembelea. Kwenye mpando wa pili alianza kuongea. Aliniambia kuna msichana darasani anayemcheka anaposoma kwa sauti, na kwamba tangu mwaka uanze hajanyoosha mkono hata mara moja. Tangu mwaka uanze! Na kila siku nilikuwa nimemchukua, nikamrudisha, mlango kwa mlango.

"Juu ya nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Maman, mu gari tunafika haraka."

Zamani hatukufika haraka. Nilimshika mkono, mtoto wa miaka kumi na mbili, mbele ya wenzake, na hakuutoa. Tukapunguza mwendo.