Mpimaji wa Ubongo na Salamu ya Mama Asekon

Mpimaji wetu wa mawimbi ya ubongo, mwaka ule wa tisini na sita pale hospitalini Lodwar, alichukia kelele. Alitaka kujua sehemu zipi za ubongo hushirikiana mtu anapopumzika tu, na kikohozi kimoja mlangoni kilitosha kuzirusha kalamu za mashine yake, zilizochora mawimbi hayo karatasini. Basi alitununia wote, hata mimi mkalimani wake. Ila vidole vyake vilikuwa na adabu: vilipita katikati ya nywele za akina mama, vikabandika nyaya kichwani bila kufumua msuko hata mmoja. Siku moja alilala pale Mama Asekon wa Kakuma, mgonjwa wa kifafa, kafumba macho, anatetemeka kwa hofu. Kalamu zilichora ovyo. Ghafla mama akanong'ona, "Ejok?" Nikajua sasa atafokewa. Mpimaji, ambaye Kiturukana chake chote kilikuwa salamu hiyo ya "hujambo" na jibu lake, akamwinamia. "Ejok-noi, mama. Niko hapa." Karatasi ikaharibika, akaichana, akaanza upya. Safari hii mistari ilitiririka kwa utulivu ambao sijauona tena, mpaka vumbi la Lodwar likanipigisha chafya. Nikafukuzwa nje kama mbuzi.