Tusi Lililosomwa Mbele ya Mama

Mi sijui kunyamaza, na pale bandarini hilo linahesabiwa kosa. Kundi letu la simu la mawakala wa forodha lina wanaume arobaini na kitu, wanawake tuko wawili. Humo ndimo tunapoambiana meli gani kutoka Kigoma imefika. Asiyekuwemo anafika mizigo imeshaondoka.

Jumamosi moja asubuhi mwenzetu aliandika kwamba meli ya saruji inashusha leo. Nikamjibu: apana, bado iko nje, karatasi hazijapita. Nilikuwa nimetoka kuiona kwa macho yangu. Akaandika: "Huyu malaya anajuaje habari za meli? Kazisikia kitandani kwa kapiteni."

Haki ya Mungu, angekuwa karibu ningemzaba kofi. Vikafuata vicheko, zile nyuso za njano zinazotoa machozi. Nikabonyeza nione ni nani na nani wanacheka. Katikati yao nikakuta jina la mdogo wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, niliyemleta bandarini na kumfundisha kazi! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikampigia.

"Ni blague tu, dada, ni utani," alisema. "Kila mutu alicheka. Kama inakuuma, toka mu kundi, utulie."

Nitoke, nikale nini? Hata hivyo siku nzima nilikishika kile kitufe cha kutoka na kukiachia. Niliogopa kubaki, niliogopa kuondoka.

Jumapili baada ya misa tulikuwa mtaani Mutakura kwa Mama. Mama hakusoma shule. Mdogo wangu ndiye anayemsomea ujumbe wa simu. Mama akatuona tunakula dagaa wetu, ndagala, bila kusemezana.

"Ebu, muna nini nyinyi?"

Nikafungua ujumbe ule, nikamwekea mdogo wangu simu kando ya sahani. "Musomee Mama."

"Dada, tafadhali."

"Si ni blague? Musomee, na yeye acheke."

Mama alikuwa ameshasogeza kiti. Mdogo wangu akasoma, neno lile akaliruka. Nikamwambia arudie. Akarudia, akalitamka.

"Yoo! Ni mutoto wa nani anatukanwa hivyo?"

Mdogo wangu hakuinua macho. "Ni wako, Mama. Ni dada."

Mama akaacha kula. Mi hakunitazama kabisa. "Na we ulimujibu nini huyo mutu?"

"Nilicheka, Mama."

Nilidhani nitafurahi kumwona ameaibika. Sikufurahi hata kidogo, nilitaka kulia. Akaanza kujitetea haraka haraka, kwamba watu wa bandari ndivyo walivyo, kwamba bora mi nitoke tu yaishe.

"Atoke?" Mama alimkata kauli. "Mi nilikuzaa apate ndugu, na we unamuonyesha mulango?"

Mdogo wangu akanisogezea simu yangu. Mi nimo mu kundi hadi leo.