Albamu ya Tatu ya Raesibe

Raesibe Mabitsela hajui kutulia. Mpe kiti, atakaa ukingoni. Mpe albamu nzuri, na wimbo wa nne haujaisha atakuwa ameshaanza kuwaza nyingine ambayo hajaisikia, iliyotoka juzi Cape Town au Oslo au sijui wapi, na usoni utaona kabisa kwamba mawazo yake yameshahama. Geti langu linatazamana na lake hapa Mamelodi, na nasema ukweli mtupu, mwanamke huyu ananichosha. Nampenda kama dada yangu, na ananichosha.

Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari. Ana gari dogo jeupe lenye breki upande wa mwanafunzi na breki upande wake, na mwanafunzi wake yeyote, apende asipende, anajifunza klachi na saksafoni kwa pamoja. "Punguza mwendo," anamwambia, "solo ya tarumbeta inakuja." Kuna mama mmoja alifeli mtihani wa leseni mara mbili, akatangaza kanisani kwamba mwenye makosa ni mpiga ngoma.

Sisi wawili tuko klabu moja ya jazz, iitwayo Naledi. Jumapili ya mwisho ya mwezi tunakutana uani kwa mwanachama mmoja, chini ya hema, ugali na utumbo unachemka jikoni, spika mbili zimesimama kama makabati ya nguo. Wanaume wanavaa kofia na viatu vya rangi mbili, na wanawake wanatushinda kwa vyote viwili. Anayepangiwa nafasi anapiga nyimbo tatu kutoka albamu moja aliyoichagua mwenyewe. Watu wakiguswa, wanasimama na kucheza mbele ya spika, kila mtu peke yake, macho yamefumbwa. Wasipoguswa, wanakaa, mikono magotini. Hakuna kuzomea. Tunaita kukaliwa, na yeyote aliyewahi kukaliwa atakwambia kuzomewa ni afadhali.

Kanuni yetu ni kali. Kusimama kunakohesabika ni kwa waasisi tu, wale wa mstari wa mbele; akisimama hata mmoja wao, umeokoka. Sisi wengine tuliokuja baadaye tunaweza kucheza mpaka tuzimie, haitusaidii kitu. Na mwanachama akikaliwa mara tatu mfululizo, hapigi tena mwaka mzima. Anakuja, anakula, anasikiliza albamu za wenzake, zake anaziacha nyumbani. Mwezi huo ninaousimulia, Raesibe alikuwa ameshakaliwa mara mbili.

Kosa lake ni kuleta albamu mpya. Sisi ni watu wa albamu tulizozeeka nazo, tunazijua mpaka pale mpiga besi alipokohoa. Yeye alituletea Wanorwe watatu, nikadhani friji ya mwenye nyumba imeharibika. Mwezi uliofuata akaleta msichana wa London aliyepuliza saksafoni kama anayebishana na polisi. Tukakaa. Mstari wa mbele haukutikisa hata kidole cha mguu.

"Bra Phineas," aliniambia siku ile tukirudi nyumbani, maana wanaume wa jazz huitwa bra, yaani kaka, "hawa watoto tusipowasikiliza wakiwa hai, nani atawasikiliza? Mnangoja wafe ndipo mvae kofia?"

"Mimi nangoja wajifunze kupiga kwanza," nikamjibu.

Hakuniongelesha siku mbili. Zilikuwa siku mbili nzuri.

Adui yake mkubwa klabuni alikuwa Bra Senyane, muasisi wa kwanza kabisa. Zamani sisi wote tulikuwa tunaficha. Mtu akipata sahani ya santuri ambayo wenzake hawana, anabandika karatasi ya gundi nyeusi juu ya jina ili pasiwe na mwingine wa kuiagiza. Katika kuficha huko Bra Senyane alikuwa mfalme. Unamwuliza, "Nani huyo anapiga?" Anatabasamu, anasema, "Mjomba wangu." Raesibe alikuwa hawezi kuvumilia jambo hilo. Yeye huzungusha jalada mkono kwa mkono na kugawa namba ya simu ya mpigaji kama anatafutia mtu mchumba. Wamegombana juu ya hilo tangu enzi za kaseti.

Lakini mwaka huu Bra Senyane alikuwa amebadilika. Mwezi wa pili alipiga sahani moja mara mbili alasiri ileile, na mara zote mbili alitutazama kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Tulipiga makofi mara zote mbili. Siku nyingine alitoka kwenda chooni, akakutwa mtaa wa tatu anatafuta nyumba aliyoiuza watoto wake wakiwa wadogo. Zile sahani zake za gundi nyeusi, sasa hata yeye hajui zina nini. Anaweka moja, anainamisha kichwa, anasikiliza kama mgeni. Mkewe, Mma Senyane, siku hizi hukaa nyuma ya kiti chake na mkono begani kwake. Hakuna mtu wa Naledi aliyewahi kusema neno lenyewe. Tunasema amechoka. Bra Senyane amechoka kidogo leo.

Wiki ile ya mwisho Raesibe aligonga geti langu kila siku. Jumatatu alikuwa na albamu kutoka Johannesburg. Jumanne aliikataa, akaja na ya Wabrazili. Jumatano akazitupilia mbali zote mbili, akasimama jikoni kwangu akila mkate wangu bila kukaribishwa.

"Piga ya zamani moja tu," nikamwambia. "Moja tu! Unajua wanachokipenda. Hema zima litasimama, utaokoka, mwezi ujao uturudishie makelele yako."

"Nikipiga ya zamani, nitakuwa nimeokoa nini?"

"Nafasi yako!"

"Nafasi ya kufanya nini, Bra Phineas? Ya kuwasikilizisha walichokisikia jana?"

"Basi mwombe Mma Tladi asimame. Ni muasisi, na ni rafiki yako."

Aliweka mkate chini. Kuombana kusimama ni marufuku Naledi, ukikamatwa unahesabiwa umekaliwa. "Kuombana ni wizi," alisema. "Ungekuwa mtu mwingine ningekupiga na hii sahani ya siagi."

Alhamisi alinipitia kliniki nilikokwenda kwa ajili ya goti langu. Nikaingia kiti cha nyuma. Usukani aliushika dada mmoja muuguzi, Mokgohloa, aliyekuwa katika somo lake la pili, jasho linamtiririka.

"Kunja kushoto," Raesibe akamwamuru.

"Lakini mama, nyumbani si kulia?"

"Tunakwenda Eersterust. Kuna mtu ana albamu."

"Eersterust? Kupitia ile barabara ya malori?"

"Gia ya tatu, mwanangu. Lori haliumi."

Niliomba Mungu kwa Kipedi na kwa Kiingereza. Tulifika. Kwenye kituo cha mafuta alikuwa anatusubiri binti mmoja mwembamba, Chantelle, mpiga piano, na CD aliyoirekodi mwezi ule katika ukumbi wa kanisa pamoja na mpiga besi na mpiga ngoma. Jalada alilichora mwenyewe kwa kalamu. Raesibe aliitia mashineni kabla mlango haujafungwa.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia. Ilikuwa nzuri. Wimbo wa tatu ulikuwa wa taratibu, piano inauliza, inanyamaza, inauliza tena, nikasahau goti na nikasahau malori. Raesibe hakusema neno mpaka albamu ikaisha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Halafu akaanza kujikuna mikono.

"Hawatasimama," alisema. "Mungu wangu, hii nayo wataikalia, na mwaka mzima sitakuwa na mahali pa kuipeleka. Mwaka mzima, Bra Phineas! Huyu mtoto atasikilizwa na nani?"

Jumapili ilikuwa uani kwa mwenyekiti wetu, Bra Mothupi. Raesibe aliitwa baada ya chakula. Alizungusha lile jalada la kuchorwa kwa kalamu, akasema jina la Chantelle mara mbili, akabonyeza. Wimbo wa kwanza, wakakaa. Wimbo wa pili nilisimama mimi, na goti langu, na watu wawili watatu wa nyuma, tusiohesabika. Mstari wa mbele kimya, mikono magotini. Raesibe alisimama karibu na mashine akihamisha uzito mguu huu mguu ule, na nilikuwa namhurumia mpaka nikataka kumkasirikia.

Wimbo wa tatu ulipoanza, Bra Senyane alisimama.

Alisimama polepole, akatoa mkono wa mkewe begani, akaenda mbele ya spika. Akafumba macho. Alicheza zile hatua zake za zamani, kisigino, nusu zamu, bega moja likishuka piano ikinyamaza, na kila piano iliponyamaza alikuwa ameshajua itanyamaza. Kwa muda wa wimbo ule mmoja alikuwa Bra Senyane kamili. Mma Senyane aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wimbo ulipoisha aligeuka, akauliza swali ambalo maishani mwake hakuwahi kumwuliza mtu.

"Nani huyo anapiga?"

"Anaitwa Chantelle," Raesibe akasema. "Wa Eersterust. Bado yuko hai."

Watu wakacheka, wakapiga miluzi. Bra Mothupi aliinua mkono kutangaza kwamba Raesibe amesimamiwa. Ndipo Mma Tladi, yuleyule rafiki yake, mwanamke wa kanuni hata kwenye harusi, akasema, "Hiyo haihesabiki, mwenyekiti."

"Kwa nini haihesabiki? Si muasisi?"

"Unajua kwa nini."

"Mimi sijui. Sema."

"Usinilazimishe kusema, Mothupi. Kila mtu hapa anajua."

Kelele zikaanza. Nyuma wanasema inahesabika, mbele wanasema haiwezekani, kesho mtu atasimama hata kwa tangazo la sabuni, nanyi mtahesabu? Nilipiga kelele mimi pia, sikumbuki nini. Bra Senyane alikuwa bado amesimama mbele ya spika, anatutazama huyu na huyu.

"Wanabishania nini?" alimwuliza mkewe. "Nimefanya nini?"

Mkewe akaenda kumshika mkono. Mtu mmoja nyuma yangu, mwenye bia kichwani, akapaza sauti, "Jamani tuseme tu ukweli, mzee mwenyewe akili yake—"

"Nilimwomba mimi!" Raesibe akasema.

Hema zima likamgeukia.

"Nilimwomba mimi," akarudia. "Asubuhi, kabla hamjafika. Nilimwambia wimbo wa tatu ukianza asimame. Ni wizi, ninajua. Haihesabiki. Nimekaliwa, mwenyekiti, tangaza yaishe."

Ulikuwa uongo. Asubuhi ile nilikuwa naye mimi, tulikuja pamoja, na Bra Senyane alifika baada yetu wakati chakula kinapakuliwa. Bra Mothupi alijua. Mma Tladi alijua, akainamisha kichwa. Yule wa bia alikaa chini. Nikadhani tumemvusha mzee salama, kwa gharama ya mwaka mmoja wa Raesibe, na nikamheshimu mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumheshimu.

Lakini Bra Senyane alikuwa anamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote akitafuta funguo. Nilingoja amfokee. Tangu enzi za kaseti hakuwahi kukubaliana naye jambo hata moja.

"Ni kweli," alisema. "Aliniomba."

Raesibe akafungua mdomo.

"Msimlaumu yeye peke yake," Bra Senyane akaendelea. "Nimekubali kuiba nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimesahau tu kwamba aliniomba. Siku hizi nasahau sana, jamani. Nilikuwa sitaki mjue."

Akavua kofia, akatuomba radhi mbele ya hema zima, mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake, na hakukosea jina hata moja.