Kiti cha Uwani kwa Bi Kazija

Kazija binti Hamdan bin Kificho, mzaliwa wa Gando, na mama yake ni Siti binti Mwalim. Babu yake Kificho ndiye aliyechimba kisima cha njia ya pwani, kile ambacho mpaka leo maji yake hayajaingia chumvi. Baba yake Hamdan alikwea mikarafuu ambayo vijana wenye nguvu zao waliitazama kisha wakarudi nyuma. Mama yake Siti, mwaka wa njaa, unga ulipokuwa unasikika kwa jina tu, alifukua makumbi yake kabla ya wakati, akasokota kamba kwa vidole vilivyochubuka, akalisha mtaa. Na Kazija mwenyewe ndiye aliyewakusanya wanawake wenzake akawaambia kwamba kamba ikisokotwa na mmoja mmoja humneemesha mnunuzi, bali ikisokotwa pamoja huenda ikamlisha na msokotaji.

Kikundi chao wakakiita Tusokote.

Kazi ya makumbi si kazi ya mtu mwenye haraka. Unayachukua makumbi ya nazi, unayashusha pwani maji yakiwa yamekupwa, unayafukia kwenye tope na kuyapanga mawe juu yake, halafu unakwenda zako, unaozesha watoto, unauguza wagonjwa. Miezi ikishapita unayafukua yamelainika, unayapiga kwa gongo mpaka usumba, yaani nyuzi zake, utoke. Harufu yake haina mfano. Mwanamke wa makumbi hujulikana njiani kabla hajatoa salamu. Kwa usumba huo Tusokote walisokota kamba, wakafuma mazulia ya mlangoni, na wakajaza magodoro mazito ambayo mtu akiyalalia miaka hayabonyei.

Magodoro hayo yalilaliwa na watoto wa skuli za dakhalia, wanaosoma na kulala huko huko, na hakuna aliyejua kuwa yametoka Gando. Aliyeyanunua alikuwa Masoud, mfanyabiashara wa Konde. Alikuja na gari yake, akapakia, akenda kuyauza serikalini kwa jina lake. Kazija hakumchukia. Alisema, "Masoud ana gari na ana maneno. Sisi tuna makumbi." Lakini kila gari ile ilipoondoka, alisimama mlangoni akaitazama mpaka vumbi likatua.

Basi ikaja habari kuwa serikali imetenga fungu katika manunuzi yake kwa ajili ya vikundi vya wanawake, na vijana, na watu wenye ulemavu. Kikundi kikishakaguliwa na kupewa cheti, kinaweza kuomba zabuni chenyewe, bila ya kupita mgongoni kwa mtu. Na dakhalia zilikuwa zinataka magodoro mapya. Kazija aliposikia hakulala vizuri. Hakuutamani utajiri. Alitaka godoro litoke Gando likiitwa la Gando.

Siku ya ukaguzi wa kwanza, Gando haijapata kuwa safi vile. Wanawake walifagia uwani mpaka ardhi ikang'ara. Usumba wote ukaingizwa stoo, magongo yakafichwa nyuma ya choo, na kwa kuwa harufu ya tope ilikuwa bado imeganda kwenye kuta, Bi Asya, jirani wa Kazija na mwenzake wa tangu utotoni, akaleta chetezo akafukiza udi nyumba nzima. Viti vikawekwa kibarazani. Mbele akakaa Mzee Msellem, mumewe Kazija, karani mstaafu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na Kiswahili kilichonyooka. Nani mwengine wa kuwapokea wageni wa serikali? Wanawake walikuwa jikoni, wanapika pilau.

Mkaguzi kumbe alikuwa mwanamke, binti mdogo, jina lake Yumna, kaja na dereva wake. Dereva akaketishwa na wazee kibarazani, na Yumna akaingizwa ndani kwa heshima zote, akatandikiwa mkeka mpya.

"Bi Kazija, makumbi mnayafukia wapi?" akauliza.

"Pwani huko, mwanangu. Kula kwanza."

"Na anayepanga bei ni nani?"

"Aa, hayo yuko Mzee Msellem hapo nje, atakueleza vizuri. Mtilieni mchuzi huyo, mbona sahani kavu?"

Na nje Mzee Msellem alieleza, tena alieleza vizuri. Alianza na Bismillahi, akapitia historia ya mnazi, akamalizia na shukurani kwa serikali. Dereva alimsikiliza kwa adabu yote. Wageni walipoondoka, Bi Asya alijifuta jasho akasema, "Hapa hata sultani angeridhika."

Siku chache baadaye Yumna alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliouma.

"Bi Kazija, nimeshindwa kuwapitisha. Niliona wenye nyumba, sikuwaona wenye kazi. Nilipouliza nikapelekwa kwa mzee. Nikiandika kwamba kikundi hiki ni cha wanawake, nitakuwa nimeandika nisichokiona. Lakini mna haki ya kukaguliwa tena."

Mzee Msellem aliyasikia yote, maana Kazija alikuwa ameifungua sauti ya simu. Alivua kofia akaiweka magotini.

"Nimesema vizuri kupita kiasi, Kazija."

"Wewe ulisema, Baba Suhaib. Sisi ndio tuliokunyamazia."

Masoud naye hakuchelewa. Alikuja na sukari mkononi na pole mdomoni. "Mama zangu, ukaguzi wa nini? Mnajisumbua. Endeleeni kunisokotea, mimi nitahangaika huko maofisini. Kwani tumegombana?"

"Hatujagombana," Kazija akamjibu. "Ngoja tukaguliwe tena. Tukishindwa, gari yako inaijua njia."

Akawaahidi wenzake, na wao wakaridhia: mara ya pili ndiyo ya mwisho. Wakishindwa, watarudi kwa Masoud na hawatalitaja tena jambo hili.

Mzee Msellem tangu siku ile alianza kushuka pwani na wanawake. Mtu wa kanzu akavaa kikoi, akabeba matenga ya makumbi mpaka kwenye shimo la Kazija. Mwenyewe akayapanga mawe. Watu walimcheka: "Karani kazikwa na makumbi!" Akacheka nao. Kabla ya makumbi yale kulainika, homa ikamlaza, na Ijumaa moja baada ya sala ya alfajiri akaitika wito wa Mola wake.

Kazija akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba.

Eda haijafika nusu yake, simu ikaja: wakaguzi wanakuja wiki ijayo, watatu, Yumna na wanaume wawili. Bi Asya akaja kukaa pembeni ya kitanda.

"Tuwaambie waahirishe."

"Zabuni ya dakhalia haitungojei."

"Basi shehe kasema kwa dharura ruhusa ipo, mchana. Ni hapo uwani tu, Kazija, si safari."

"Najua ruhusa ipo. Lakini sitaki kumtokea mwanamume nami nina ukiwa wa Msellem mwilini."

"Basi tumwingize yule binti humu humu, umwambie mwenyewe."

Kazija akatikisa kichwa. "Humu ndani ndimo tulimoshindwa, Asya. Niitie Mardhiya."

Mardhiya alikuwa mke wa mwanawe Suhaib, ambaye kazi yake ilikuwa Unguja. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote katika kusokota, lakini ulimi wake! Akisalimiwa na mtu mzima, jibu lake ulilisoma midomoni. Kazija alimtazama muda mrefu.

"Siku hiyo kiti cha mbele utakaa wewe."

"Mama, mimi siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Mimi pia nilikuwa siwezi, ndiyo maana tukapika pilau."

Siku ilipofika hapakufagiliwa kitu. Usumba ulitandazwa uwani, magongo yakalia tangu asubuhi, na chetezo kikabaki baridi. Dirisha la chumba cha Kazija lilikuwa linatazama uwani, na pazia lake zito likateremshwa. Akakaa kitandani na tasbihi, akisikiliza.

Alisikia gari. Alisikia salamu. Kisha akasikia sauti ambayo hakuitarajia, ya Mzee Rajab, kaka wa marehemu Msellem, ambaye kwa desturi sasa ndiye mkubwa wa nyumba. Kiti kikalia chini yake.

"Karibuni, karibuni sana," akasema Mzee Rajab. "Marehemu ndugu yangu alikuwa mwenyeji wenu, na leo mimi nimeshika nafasi yake."

Magongo yakanyamaza. Kazija aliishika tasbihi mpaka uzi ukamkata kidole. Neno moja tu kutoka nyuma ya pazia lingetosha kumnyanyua Rajab. Lakini hilo lingekuwa neno la ndani, na mkaguzi angeandika tena kuwa hakumwona mtu. Akauma midomo.

Uwani mtu akalaza gongo chini. Halafu sauti nyembamba ya Mardhiya ikasema, "Ba' Mkubwa, niwie radhi."

"Unasemaje, mwana?"

"Kiti hicho ni cha mwenye kazi."

"Mimi nimekuwa mgeni katika nyumba ya ndugu yangu?"

"Hujawa mgeni, Ba' Mkubwa." Sauti ikatetemeka, lakini haikurudi nyuma. "Lakini kumbi hujapiga."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Kiti kikalia tena.

"Haya, nimenyanyuka," akasema Mzee Rajab. "Na chenyewe kina msumari, utaona!"

Hapo uwa mzima ukacheka, na Kazija kwenye giza lake akajikuta machozi yanamtoka, asijue ni ya nani, ya Msellem au ya yule mtoto.

Kisha akamsikia Yumna akikohoa. "Hii harufu..."

"Ndiyo kazi yenyewe," Mardhiya akajibu. "Mara ile tuliifukizia udi usiijue. Njoo, shika." Na sauti ile ikaendelea, ikieleza shimo, na tope, na nani anapanga bei na kwa nini, na jinsi godoro linavyoshonwa. Walipoulizwa wengine, wakajibu wenyewe, hata Bi Asya alijibu, tena kwa kelele. Mwisho Yumna akasema kwamba safari hii amewaona, na ofisi itawaletea cheti chao. Akauliza jina la mwenyekiti ni nani.

"Kazija binti Hamdan," Mardhiya akasema. "Yuko ndani, ana eda."

"Mpeni pole yangu," akajibu Yumna. Gari ikaondoka.

Mardhiya aliingia akiwa na usumba nyweleni na tope mpaka kwenye viwiko. Akakaa chini, kichwa akakilaza kwenye ukingo wa kitanda. Kazija hakumsifu. Aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa gongo, lile la mama yake Siti, la mwaka wa njaa, mshiko wake umelika kwa viganja vya watu waliokwishatangulia.

"Pwani, shimo langu liko upande wa ule mti wa mkandaa uliopinda. Makumbi yaliyomo kayabeba Baba Suhaib. Bamvua hili maji yakikupwa, nenda ukayafukue. Usingoje eda yangu. Hayo ndiyo yajaze godoro la kwanza la dakhalia."

"Nitakwenda, mama."

"Eda itakwisha nami nitatoka. Lakini kile kiti usinirejeshee. Nitakaa na wenzangu nipige makumbi." Akamtia gongo mikononi, akamkunjia vidole vyake juu ya mshiko. "Na akija mgeni wa kazi, Mardhiya, asile kabla hajanusa."