Kifungua Mkoba cha Kisilu

Kisilu Mwangangi alikuwa fundi wa viyoyozi katika hoteli moja ya Galu, jirani na Diani. Bisibisi zake zililala ndani ya kisanduku kwa kufuata urefu, na hakuna aliyewahi kumwona akicheza bahati nasibu. Wazazi wake walitoka Kitui wakapata shamba kwenye makazi ya Shimba Hills, na huko alisifiwa kwa kutopoteza wakati. Ndiyo maana watu walishangaa, mwaka wa 1998, alipoanza kuonekana kila Jumapili alasiri katika chumba cha dobi akipanga wachawi.

Wachawi hao walikuwa wa karatasi. Mgeni mmoja aliyemaliza likizo aliacha katoni ya karata za mchezo usiojulikana Diani. Kila karata ilikuwa na picha ya kiumbe na maelezo ya Kiingereza kuhusu uwezo wake. Mchezaji huchagua karata zinazosaidiana, akajijengea pakiti, kisha pakiti mbili zikapambanishwa. Wafanyakazi watatu waligawana katoni hiyo. Chande, mhudumu wa mkahawa na mzaliwa wa Ukunda, alichukua majoka. Sidi, msimamizi wa dobi, alichukua ndege na samaki. Kisilu alipenda wazee wenye fimbo, vitabu na kofia ndefu.

"Leo nimekuja na wachawi," alitangaza siku ya kwanza.

Sidi aliweka pasi chini. "Wachawi wa nani?"

"Wangu, dada. Nimewakusanya mwenyewe."

Chande alipiga meza. "Mmesikia? Mkamba amekiri bila hata kuapishwa!"

Sidi hakucheka. "Kisilu, neno hilo limewahamisha wazee wa watu kwenye nyumba zao. Mezani pangu halitajwi. Mchawi hufanya mambo yake kwa siri. Hawa wako wazi mchana kweupe, na vitabu vyao mkononi. Hawa ni waganga."

Kisilu alikubali mara moja, kwa aibu kidogo. Hata Kikamba kina maneno mawili kwa watu hao wawili, na alikuwa nayo tangu utotoni. Lakini karata zilikuwa za Kiingereza, naye akaiamini kamusi iliyompa neno "mchawi".

Jina jipya halikumletea ushindi. Sabuni ndogo za wageni ndizo zilizokuwa uhai wa mchezaji. Ukipigwa, unatoa moja. Kila Jumapili sabuni za Kisilu ziliishia upande wa Chande. Na kwa kuwa karata nyingine zisingepatikana popote pwani, watatu hao walikuwa wamekubaliana sheria moja: atakayemaliza msimu wa wageni bila kushinda hata mara moja, pakiti yake itavunjwa, wenzake wagawane. Sidi alikuwa ameshamshinda Chande mara mbili. Pasaka, mwisho wa msimu, ilikaribia, na Kisilu hakuwa na ushindi hata mmoja.

"Yule mzee wa fimbo ya samaki nitamchukua mimi," Chande alisema. "Atanichungia majoka."

"Bado hujamchukua."

"Basi mtoe! Mbona waganga wako wamelala mkononi?"

"Wanangoja."

"Wanangoja nini, ndugu yangu? Mganga hainuki mpaka aone kifungua mkoba. Wewe umewaita watu wazima kilingeni, hujaweka chini hata kuku, halafu unataka wakutibu!"

Sidi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisilu alikuwa akiangalia karata zilizo mkononi mwake.

Katika mchezo huo kuna karata za nguvu, zenye picha ya kaa la moto tu. Kiumbe hakishuki mezani mpaka makaa yake yatimie. Kisilu alikuwa ameisoma sheria hiyo, ila aliisoma kama mtu wa hoteli: mgeni hula, hulala, huogelea, na bili huja mwisho. Kwake makaa yalikuwa bili, tena yanakula nafasi ya waganga. Aliweka machache kadiri alivyoweza. Sasa aliona kosa lake: kifungua mkoba hutangulia. Mganga hatoi dawa hata moja kabla mteja hajaweka kitu chini.

Juma lile alimwaga pakiti yote juu ya kitanda. Alimtoa mganga wa radhi na laana, ingawa picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Aliwatoa mapacha wa barafu, akawarudisha, akawatoa tena. Mahali pao aliweka makaa, pamoja na wanafunzi wadogo wa uganga wanaoridhika na kaa moja.

Jumapili ya mwisho alianza kwa kuweka kaa. Akaweka la pili. La tatu.

"Unafungua mkoba au unafungua duka?" Chande aliuliza, akimtoza sabuni.

"Shika sabuni yako, kaka. Ukaoge."

Wanafunzi wadogo walizuia joka la kwanza, wakafa kiungwana. Sabuni za Kisilu zilibaki mbili. Akaweka kaa jingine, kisha, polepole, akamlaza mzee wa fimbo ya samaki katikati ya meza ya pasi. Maelezo yake yalisema kila kiumbe cha adui kirudi mkononi mwa mwenyewe. Chande aliyasoma, akampa Sidi ayasome, akayasoma tena mwenyewe. Kisha akayaokota majoka yake moja moja, kama mtu anayeanua nguo mvua inaponyesha.

Hakupata nafasi ya kuyarudisha yote, maana waganga walimpiga zamu baada ya zamu. Sabuni yake ya mwisho ilipovuka meza, Sidi aliinusa na kusema kuwa sasa fundi ananukia vizuri.

"Pakiti haivunjwi," Kisilu alisema.

"Nani kasema ivunjwe?" Chande alikuwa tayari anachanga karata. Alichomoa kaa moja kutoka pakiti yake mwenyewe na kuliweka mbele ya Kisilu kwa mikono miwili. "Kifungua mkoba, Bwana Mganga. Nataka dawa ya majoka."